Naona Haya, Daktari: Maoni kuhusu Uanagenzi wa Udaktari Ugenini

Kiswahili kina neno ambalo vijana wa leo hawalitumii sana, nalo ni uanagenzi. Mwanagenzi ni mtu aliye mchanga katika kazi, ambaye hujifunza kwa kukaa karibu na fundi. Katika mabanda ya waunda majahazi huko Lamu, kijana hakabidhiwi tezo siku ya kwanza. Hushika ubao upande wa pili, hukusanya misumari, huchota maji ya kunywa, na zaidi ya yote hutazama. Hutazama muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukata chochote, kwa sababu ubao uliokatwa vibaya haurudi kuwa mti.

Nimelikumbuka neno hili kwa ajili ya kundi moja la wanagenzi ambalo limekuwa likiongezeka katika hospitali na zahanati za Afrika Mashariki. Hawa ni vijana wa miaka 18 au 19, aghalabu kutoka Uingereza, Marekani na nchi nyingine za Ulaya, ambao wamemaliza shule ya sekondari na hawajaanza chuo kikuu. Wanafikiria kusomea udaktari, ila hawana uhakika. Basi hulipa kampuni za kwao fedha si haba, wakapandishwa ndege, wakaletwa Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar au Kampala kwa wiki mbili, nne au nane, ili wauonje udaktari kabla ya kuuchagua. Ifahamike tangu mwanzo kwamba siwazungumzii wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho ambao vyuo vyao huwatuma ng'ambo kwa mafunzo. Wale wana misingi, na wana walimu wanaowajibika kwa ajili yao. Nawazungumzia wale ambao hawajui bado kama damu itawatia kizunguzungu.

Wengi wa wale niliowafahamu walikuwa wamepangiwa makao huko Kitisuru. Msomaji ambaye hajafika huko anaweza kupiga picha ya mtaa wa miti mirefu na nyua zilizofunikwa kwa maua, wenye mbwa wakali na walinzi wapole, kandokando ya barabara ya Lower Kabete. Ni mtaa ulio karibu na mabewa ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukitoka huko ukaipita Loresho, unafika Kangemi, ambako vyumba vya mabati vimebanana na ambako kliniki hujaa kabla ya jua kupanda. Umbali wenyewe ni wa kilomita chache tu. Kila asubuhi mgeni huondoka kwenye kitanda cha Kitisuru akaenda kusimama kando ya kitanda cha mtu wa Kangemi au Kawangware, na jioni akarudi. Kwa likizo kadhaa nimejipatia sehemu ya karo yangu ya uzamili kwa kuwafundisha wageni hawa Kiswahili, saa kumi kwa kila kikundi. Saa kumi ni muda wa kujifunza kuamkiana, kuhesabu, na kukataa kuuziwa kinyago kwa bei ya mara tatu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uanagenzi wa udaktari ni uanagenzi wa kusikiliza kabla ya kuwa uanagenzi wa mikono. Yeyote asiyeweza kumsikia mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa hajauonja udaktari hata akikaa wadini mwaka mzima; ameyaonja mandhari yake tu. Na pale ambapo mandhari yenyewe ni mwili wa mtu mwingine, jambo hili haliwezi kuachwa lipite kwa jina la ukarimu.

Nitatoa mfano mmoja. Binti mmoja wa miaka 18, msikivu na mwenye bidii kuliko wanafunzi wengi niliokutana nao, alinisimulia kwamba wiki ile alikuwa ameshuhudia akina mama wanne wakijifungua. Katika kituo hicho, ambacho sitakitaja, alivalishwa koti jeupe. Siku ya tatu mhudumu mmoja alimpa glavu akamwambia amkague njia ya uzazi mama aliyekuwa na uchungu, ili ahisi mwenyewe jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka. Nilimwuliza kama mama yule alikubali. Akanijibu kwamba ndiyo, alikubali, alitabasamu na kusema "haya". Neno hilo kila mgeni hulijua baada ya siku mbili mjini, maana makondakta, wauza matunda na walinzi wote hulitumia: haya twende, haya lete, haya basi. Nilimwomba akumbuke kama palikuwa na neno lolote kabla ya hilo. Alifikiri kidogo, kisha akalitamka vizuri kabisa, kama alivyolisikia: "Naona. Naona haya, daktari."

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba utata wa maneno ni utajiri wa lugha. Wadini utata huo una mwenyewe, naye amelala chali. Mama yule alisema anaona aibu. Alilisema kwa upole na kwa tabasamu, kwa kuwa katika malezi yetu mwanamke hamkaripii mgeni, hasa mgeni aliyevaa koti jeupe, na hasa akiwa hana nguvu za kugombana na mtu. Tabasamu kwetu laweza kuwa furaha, laweza kuwa heshima, laweza kuwa ngao. Binti alinyamaza kwa muda mrefu nilipomweleza. Siku iliyofuata aliomba aondolewe katika wadi ya uzazi, na nadhani hatua hiyo ndiyo ya kitabibu zaidi kati ya zote alizochukua katika wiki zake nne.

Simlaumu binti yule. Aliyempa glavu ni Mkenya mwenzetu, anayejua Kiswahili vizuri na aliyelisikia neno "naona" likitangulia. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo baadhi ya wenzetu hawapendi kuligusa. Ni rahisi kuandika makala ya kuwashutumu Wazungu wanaokuja kupiga picha na watoto wetu. Ni vigumu zaidi kukiri kwamba mlango hufunguliwa kutoka ndani. Kituo kina upungufu wa vifaa, mgeni ameleta sanduku la glavu na ada kidogo, mkuu wa kituo anashukuru, mhudumu anafurahi kupata mtu wa kumsikiliza, na mgonjwa hajaulizwa. Tena mgonjwa wetu humwita "daktari" kila mtu avaaye koti: muuguzi ni daktari, afisa wa kliniki ni daktari, mpima damu ni daktari. Mvishe koti hilo kijana aliyemaliza shule miezi mitatu iliyopita, naye atakuwa daktari, na kwa rangi yake atadhaniwa kuwa daktari mkuu.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika, na inataka pawe na ridhaa kabla ya huduma. Hilo "inapowezekana" limekuwa kichaka cha kujifichia, lakini Nairobi haiwezekani kudai kwamba Kiswahili hakiwezekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Nchi wanazotoka wageni hawa nazo zimetahadhari. Mwaka 2011 muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, ulitoa mwongozo kwa wanafunzi na kwa wale wanaojiandaa kuingia vyuo hivyo, ukiwaonya wasifanye ng'ambo yale ambayo wasingeruhusiwa kuyafanya kwao. Nchini Uingereza, baraza la vyuo vya udaktari linasema wazi kwamba mwombaji si lazima awe ameingia hospitalini; kumtunza mzee katika makao ya wazee ya mtaani kwao kunatosha kumpa cha kusimulia. Kwa maneno mengine, anayekuja Kitisuru kwa imani kwamba bila picha ya wadini hatapata nafasi chuoni ameuziwa imani hiyo na mwenye biashara. Ni ajabu kwamba onyo hili liko katika maandishi ya kwao ilhali milangoni petu halijabandikwa popote.

Madhara yanaweza kupita aibu ya mama mmoja. Wasomaji wanaofuatilia habari za Uganda watakumbuka kesi iliyofunguliwa mwaka 2019 dhidi ya Mmarekani Renée Bach, aliyefika Jinja kwa mara ya kwanza mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 18 na bila mafunzo ya tiba, kisha akaanzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walikuwa miongoni mwa walioshtaki. Mwaka 2020 pande hizo zilisuluhishana kwa malipo, pasipo yeye wala shirika lake kukubali kosa. Sisemi kwamba kila kijana wa Kitisuru ni mwanzo wa kesi kama hiyo. Nasema kwamba njia ile huanza mahali pamoja: mtu mwenye moyo mwema anaambiwa kwamba kwa Waafrika moyo mwema unatosha.

Sasa tuitazame lugha yenyewe, maana hili ndilo eneo letu na ndipo penye mengi ya kusemwa.

Mgonjwa wa Kiswahili hasemi tu kwamba anaumwa. Kichwa humgonga, humwanga au hupwita. Tumbo humsokota, humnyonga, humkeketa au huendesha. Jino hufukuta. Koo hukereketa. Kifua hubana, na palipo na maumivu makali ubavuni hutajwa kichomi. Mguu hufa ganzi. Kila kitenzi kati ya hivi kina namna yake ya maumivu, na daktari mzuri akivisikia huwa ameshapata nusu ya alichokuwa akikitafuta. Mgeni aliyefundishwa kwamba maumivu ni "kuuma" huvisikia vyote hivyo kama kelele moja. Hata mkalimani akiwapo, mara nyingi maelezo ya dakika tatu hugeuzwa kuwa maneno mawili ya Kiingereza: tumbo linauma.

Halafu yapo yale yasiyotajwa kwa majina yake. Mwanamke hasemi hedhi mbele ya watu. Husema siku zake, husema hajauona mwezi. Mwanamume mzima anayelalamikia kiuno huenda hazungumzii kiuno hata kidogo. Mwambao mtu akikwambia ana mshipa, usimtafutie mshipa wa damu mkononi. Haja ina kubwa na ndogo. Mtu "ana sukari", mwingine "ana presha", na homa ya mmoja ni malaria ilhali homa ya mwingine ni mafua. Moyo "unaouma" waweza kuwa ugonjwa wa moyo, waweza kuwa kiungulia, na waweza kuwa msiba wa wiki iliyopita. Nairobi nayo imeongeza vyake: mgonjwa wa Kangemi huanza sentensi kwa Kiswahili, akapitia Kiluhya au Kikikuyu, akamalizia kwa Sheng, na bibi aliyemleta mjukuu wake hutaka aitwe shosho ndipo aseme kilichompata mtoto usiku.

Na kuna pole. Nimewafundisha wageni wengi neno hili, na karibu wote huuliza kwa nini wamwombe msamaha mtu ambaye hawakumkosea. Hawajui kwamba pole haina kosa ndani yake. Humwambia mgonjwa kwamba umemwona. Muuguzi mmoja mzee aliwahi kuniambia kwamba anaweza kumtambua daktari atakayedumu katika kazi hii kwa namna anavyolitamka neno hilo kabla ya kugusa faili. Sina kipimo cha kisayansi cha kuthibitisha hayo, ila namwamini.

Wapo watakaosema kwamba haiwezekani kumtaka kijana wa wiki nne ajifunze yote haya. Hapo naomba tutazame upande wa pili wa barabara. Daktari Mkenya aliyesoma miaka sita kwa Kiingereza, akafanya mitihani yake kwa Kiingereza na kuandika kila faili kwa Kiingereza, akitaka kufanya kazi Uingereza, baraza la udaktari la huko humtaka athibitishe kwamba anakijua Kiingereza. Akipitia mtihani wa IELTS, hana budi kupata alama 7.5 kwa jumla na zisizopungua 7.0 katika kila sehemu. Akienda Ujerumani, atafanya mtihani wa Kijerumani cha kawaida na mwingine wa Kijerumani cha hospitalini. Wakenya waliokwenda kusomea udaktari Moscow katika miaka ya 1960, katika chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, walitangulia kujifunza Kirusi. Mwaka 2018 Kenya iliwapeleka madaktari 50 Cuba kusomea udaktari wa familia, na Cuba hufundisha kwa Kihispania. Mkenya akienda kwao hujifunza lugha yao. Wao wakija kwetu, Mkenya tena ndiye huitumia lugha yao. Hata madaktari bingwa 100 wa Cuba waliofika Kenya mwaka huohuo wa 2018, kwa mkataba ambao mwaka 2023 serikali ilitangaza haitauendeleza, walijadiliwa sana kuhusu mishahara na kuhusu ajira za vijana wetu. Swali la jinsi watakavyozungumza na mgonjwa wa kijijini liliulizwa pembeni, kana kwamba ni la adabu tu.

Wala haikuwa hivi daima. Daktari Albert Cook, mmishonari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo huko Kampala mwaka 1897, alijifunza Kiganda na akaandaa kitabu cha msamiati na maneno ya tiba katika lugha hiyo. Tunaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya wamishonari na ukoloni, na mimi ninayo. Lakini mtu yule alijua kwamba hawezi kumtibu asiyemwelewa. Kama zaidi ya karne moja iliyopita, bila kanda za sauti wala simu, jambo hilo liliwezekana, kijana wa leo ambaye mfukoni ana kamusi tatu hana udhuru wa kushindwa na maneno mia mbili.

Sitaki nieleweke kuwa napinga ziara hizi zote. Mmoja wa wanafunzi wangu alirudi kwao akachagua uhandisi. Alisema kwamba alichokigundua Nairobi ni kuwa hapendi wagonjwa. Anapenda mashine zinazowapima. Nilimpongeza kwa dhati, kwa sababu kuna madaktari wengi tu ambao wangeepusha huzuni nyingi kama wangeligundua hilo mapema. Kuuonja udaktari kabla ya kuuchagua ni jambo jema. Kinachoniudhi ni kwamba wema huo tumeutenga kwa ajili ya wageni.

Mtazame kijana wetu. Anafanya mtihani wa KCSE mwezi wa Novemba. Akipata A, ukoo mzima umeshamchagulia: daktari. Anajaza fomu za KUCCPS kufuata alama na matarajio ya wazazi, na kwa miezi mingi kabla ya kuripoti chuoni anakaa nyumbani akichunga duka la mjomba. Hospitali anaijua kama mgonjwa au kama mpeleka uji. Wadi ataiona kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi baada ya kumaliza miaka ya nadharia, na kabla ya hapo atakuwa amekutana na maiti katika chumba cha anatomia. Ikiwa huko atagundua kwamba kazi hii haimfai, karo imeshalipwa, na kijijini keshaitwa daktari. Mgeni huonja, mtoto wetu humeza, kisha ndipo huulizwa ladha. Mtoto wa Kangemi anayeishi dakika ishirini kwa miguu kutoka kituo cha afya hana mtu wa kumwombea asimame kando ya muuguzi kwa wiki mbili, ilhali aliyevuka bahari amepata nafasi hiyo kabla hajatua.

Na hata baada ya kumeza, tunamtesa. Mwaka 2024 madaktari walifanya mgomo wa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikapendekeza 70,000. Katika majira hayohayo ambapo aliyesoma miaka sita alikuwa barabarani akidai alipwe ili afanye uanagenzi wake, kampuni za ng'ambo ziliendelea kutangaza nafasi ambazo asiyesoma hata siku moja hulipa ili afanye uanagenzi katika wadi za nchi hii hii.

Kuna swali ambalo msomaji makini atakuwa amekwisha kuliuliza: je, madaktari wetu wenyewe wanazungumza lugha ya mgonjwa? Ukweli ni kwamba tunawaacha wajitafutie. Vitivo vya udaktari nchini vimefundisha kwa Kiingereza tangu kile cha Nairobi kilipoanza mwaka 1967. Daktari aliyelelewa Kitisuru na kusomea shule ambako Kiswahili kilikuwa somo la kuvumiliwa anaweza kufika wadini akiwa mgeni kama yule binti, ila yeye hana kisingizio cha pasipoti. Nimemsikia mmoja akimweleza mzee habari za figo kwa sentensi ambayo Kiswahili chake kilikuwa "sasa", "lakini" na "sawa?" tu. Mzee aliitikia sawa. Nilimwona baadaye akimwuliza mfagiaji nini kilichosemwa.

Isidaiwe kwamba lugha yenyewe ndiyo inayopungukiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, TUKI, ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye ikatoa Kamusi ya Tiba. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Machi 2020, neno barakoa, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulitamka, lilienea sokoni na kwenye matatu katika muda wa wiki chache. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa maneno kwenye rafu na kuyapeleka wadini.

Mtu huyo ni sisi. Kila mwaka chama chetu huandaa kongamano, tukasikiliza mada kuhusu utandawazi na nafasi ya Kiswahili, tukapiga makofi, tukala, tukarudi mabwenini. Napendekeza kwa kamati ya chama kazi iliyo ndogo kuliko utandawazi. Tuandae kozi ya saa thelathini ya Kiswahili cha wadini, itakayotungwa kutokana na mazungumzo halisi ya wagonjwa waliokubali kusikilizwa, na si kutokana na vitabu vya watalii. Iwe wazi kwa mgeni na kwa mwanafunzi wa udaktari wa hapa nchini bila tofauti. Tuzungumze na vituo vya afya vya eneo la Westlands ili kijana yeyote asiye na mafunzo, awe ametoka London au Loresho, avae beji isemayo kwa Kiswahili kwamba yeye ni mtazamaji wala si daktari, asiguse mgonjwa, na ridhaa iombwe na muuguzi kabla mtazamaji hajaingia chumbani, ili anayetaka kukataa asilazimike kumkataa mtu uso kwa uso. Wageni walipe ada ya kozi. Ada hiyo iwasaidie nauli na chakula vijana wa kidato cha nne wa Kangemi na Kibagare ambao nao wangepewa wiki mbili za kutazama kabla ya kujaza fomu zao za chuo.

Walimu tunao. Wahitimu wa idara zetu wanaosubiri kuajiriwa na TSC ni wengi, na baadhi yao wamewahi kuuguza ndugu zao katika wadi hizohizo, kwa hiyo msamiati mwingi wanao tayari. Mapendekezo ya masomo sita ya kwanza nimeyaandika na nitayawasilisha kwa katibu kabla ya mkutano wa muhula ujao.